Tiketi

Jina lake lilipanda la sita au la saba,
herufi za sisimizi chini ya herufi za tembo,
hujamaliza kulisoma, limekwisha.
Orvil Tackett. Baba alisoma Tiketi,
na watoto wa Kaloleni, wa viti vya mbele vya thumuni,
wakalibeba vivyo hivyo.
Akitokea tu, kitambaa begani, anafuta bilauri,
ukumbi mzima: Tiketi! Tiketi!
Nyota mwenye farasi hakushangiliwa hivyo.

Filamu zilikuja na treni ya Alhamisi
ndani ya mabati ya duara, moto kama sufuria.
Baba, Zakayo Agutu, alizifuata stesheni kwa baiskeli,
akazipandisha ngazi kumi na nne hadi chumba cha mashine
alimokaa miaka kumi na tisa,
fulana imelowa, jicho kwenye kitundu.
Waliogeuka nyuma waliona mwanga tu.

Alikuwa na daftari. Nimelisoma.
Muuza pombe, mara kumi na moja.
Karani wa benki, anainua mikono.
Daktari, anatoka chumbani akishusha mikono ya shati,
anatikisa kichwa.
Jaji, mara mbili; ya pili amesinzia.
Anachechemea mguu wa kulia. Wiki nyingine, wa kushoto.
(Hapa Baba amepiga mstari: mwongo huyu.)
Mwaka wa uhuru: ana mke!
Mke hakuonyeshwa. Alitajwa.
Nywele zinapungua, bega moja limeshuka.
Anauawa bado, ila sasa anaanguka polepole
kama mtu anayefikiria magoti yake.

Na ndani ya jalada la nyuma, ubeti,
maana karani mmoja wa reli, mtu wa Mombasa,
alimfundisha kuhesabu mizani kwa vidole:

Tiketi umeuawa, mara saba mara nane,
Na kesho tutaambiwa, uko hai tukuone,
Umepigwa umefiwa, hujapewa jina nene,
Jumamosi tukutane, ufe tena kama jana.

Halafu kuna hili.
Joto la Kisumu hukausha ukanda, ukakatika.
Ukikatika unatoa picha mbili tatu zilizoharibika,
unapaka gundi, unaunga, unamwomba Mungu.
Zilizotolewa hutupwa.
Baba hakutupa za Tiketi.
Na baadaye (aliniambia akiwa amelazwa Russia,
macho kwenye dari, dripu inadondoka)
baadaye hakungoja ukanda ukatike.
Picha moja hapa, mbili pale.
Bwana Popatlal hakujua. Nairobi hawakujua.
Lakini kila filamu iliyopita mikononi mwake
ilivuka kwenda Kampala na Tiketi aliyepungua:
yuko mlangoni, mara yuko mezani,
hatua za katikati hazipo.
"Nilimfupisha," alisema.
"Na sehemu yake ilikuwa fupi tayari."

Hatukusikia alikufa lini, wala kwa nini.
Filamu zikaanza kuwa na rangi, na yeye hayumo.
Baba alisoma majina hadi la mwisho,
hadi la washona nguo na wapiga taa,
kisha akazima mashine.

Kopo la kakao liko kwangu, Migosi.
Vipande thelathini na tisa, kila kimoja kama ukucha wa dole gumba.
Juzi mjukuu wangu Achola alivimwaga mezani,
akavinyanyua dirishani kimoja kimoja, jicho amelifumba nusu.
"Huyu ndiye babu wa mashine?"
Nilikuwa na hapana mdomoni.
Mtu ameshika kofia. Mtu ameshika funguo.
Mtu amefungua mlango, amesogea kando
ili mwingine apite.
"Lete," nikamwambia, "nione vizuri."